Bisi za Roshani

Jumamosi asubuhi Verlene Tuggle alikuwa gerejini kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, akisugua tundu la sarafu kwa brashi ya meno aliyoichovya kwenye siki. Brashi ilikuwa ya marehemu mumewe. Siki ilikuwa ya tufaha, maana ile nyeupe huila nikeli, na nikeli ikishaliwa hairudi. Tundu lilipong'aa hata akaiona pua yake ndani, alilifunga mahali pake, akakaza skrubu, akaurudisha mlango wa mashine, akajifuta mikono kwa kipande cha flana. Mashine ikawa nzima.

Ilikuwa mashine ya bisi ya kutumbukizia sarafu, ya zamani, urefu wake kama wa mtoto wa darasa la tano. Mwili mwekundu, kiuno cha kromu, kichwa cha kioo chenye taa ndani. Ukitumbukiza senti kumi, kijichungu kidogo cha kuenea kiganjani kinapata moto, punje zinaangukia humo pamoja na tone la mafuta ya nazi, na wewe unasimama na mfuko wako wa karatasi chini ya mdomo wake, unasubiri. Verlene alikuwa na nyingine za aina hiyo zimepangwa ukutani. Alizikusanya maghalani na minadani tangu alipostaafu kazi yake ya kutengeneza mashine za kufulia, na kila moja alikuwa ameipa jina. Hii hakuipa jina. Hii ndiyo aliyokuwa akiitafuta siku zote.

Ilitoka Belvidere, sinema ya mji wao wa Tandy Grove, magharibi ya Kentucky, ambako mahindi ya bisi hulimwa mpaka ukingoni mwa barabara. Aliikuta kwenye ghala la kukaushia tumbaku, panya wamezalia ndani ya kijichungu. Aliitambua kwa bonde lililokuwa kwenye shavu lake la kulia, upana wa kiganja cha mwanamke. Mama yake, Ozella, ndiye aliyekuwa akiisafisha na kuijaza mahindi, na ilipogoma aliipiga kofi pale pale, miaka nenda miaka rudi, hadi chuma kikabonyea. Verlene alikwangua kutu yote, akapaka rangi tabaka juu ya tabaka, kila moja akiiacha ikauke kabla ya kuipiga msasa, lakini lile bonde hakuligusa. Watu wa mashine hizi wana sheria yao: uharibifu hurekebishwa, alama ya kazi haifutwi.

Mdogo wake, Leotis, ambaye ni mzee wa kanisa na ana wajukuu wanaoendesha magari, alikuja siku hiyo na kiti chake na mfuko wake wa karatasi.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha. Kaa mbali na rangi."

Verlene alitoa sarafu ya senti kumi, ile ya zamani ya madini ya fedha, kwa kuwa tundu la mashine hiyo hupima uzito, na sarafu nyepesi za siku hizi huzitema. Sarafu ikakwama njiani. Aliweka kiganja chake kwenye bonde la mama yake, kikaenea, akapiga.

Kijichungu kikaanza kulia. Bisi zikapasuka nyeupe na kubwa, zikatoka mdomoni mwa mashine, zikapanda. Zilipita mbele ya nyuso zao moja moja, bila haraka, zikaenda kukaa darini kati ya mbao.

"Dada," Leotis akasema, "bisi zako zimepotea njia."

"Nimeziona."

"Umefunga feni kichwa chini."

"Mashine hii haina feni, we mtu. Umekuja kunisaidia au umekuja kula?"

"Kula. Nipe ngazi."

Alipanda ngazi, akachuma bisi darini kama mtu anayechuma matunda, akasema chumvi imekolea vizuri. Verlene hakuwa na hamu ya kula. Fundi anayetengeneza mashine ya bisi halafu bisi zikakataa kuingia mfukoni, huyo ana kasoro kazini mwake, na Verlene hakuzoea kuwa na kasoro. Wiki iliyofuata aliifungua mashine yote, akatandaza vipande juu ya shuka la zamani kwa mpangilio wake, akavipangusa, akavirudisha. Aliweka pimamaji juu na chini. Sakafu ilikuwa sawa. Bisi zikapanda.

Akampigia simu Duane Voss, rafiki yake wa Iowa, mwenye mashine nyingi kuliko za kwake na magoti mabaya kuliko ya kwake.

"Unatumia mafuta gani?" Duane akauliza.

"Ya nazi."

"Jaribu ya nguruwe. Ni mazito."

Kwa mafuta ya nguruwe zilipanda polepole, kama watu wanaotoka kanisani, lakini zilipanda. Verlene akarudia mafuta ya nazi.

Mwezi wa sita aliipeleka kwenye mkutano wa wakusanyaji, katika viwanja vya maonyesho ya kilimo. Majaji walipita na tochi zao na miwani yao. Walilala chini wakatazama waya, wakanusa rangi, wakasema hawajaona kazi ya kromu kama ile tangu waanze kuja. Kisha wakatumbukiza sarafu, wakainua vichwa, wakaandika. Walimpa utepe wa mshindi wa kwanza kwa urekebishaji. Katika uendeshaji walimkata alama, kwa sababu kanuni inataka bisi ziende mfukoni, na za Verlene zilikuwa zimekwenda kwenye paa la hema.

"Usijali," Duane akamwambia, akiuchezea ule utepe. "Yangu ya mwaka jana ilikuwa inapiga chafya. Lakini mwanamke wewe, kromu hiyo! Nimejitazama humo nikajichukia."

Verlene aliubandika utepe kwenye kioo cha mbele cha gari lake, akarudi nyumbani na utepe huo akiendesha katikati ya mji, polepole kuliko ilivyohitajika.

Habari zikamfikia Bi Marjorie Sloan. Bi Marjorie alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikiifufua Belvidere, mwanamke Mzungu mwenye sauti tamu na mikoba mingi. Alifika gerejini na keki ya ndimu, akaizunguka mashine, akaweka mkono kifuani.

"Bi Verlene, mpenzi wangu, hii lazima irudi nyumbani. Tumeshaitayarishia mahali ukumbini, palepale ilipokuwa. Na tumeshachongesha kibao."

"Bisi zake zinapanda," Verlene akasema, maana hakutaka kumficha mtu kasoro.

"Zinapanda juu?"

"Juu."

"Basi tutafunika zulia kwa siku chache za mwanzo," akasema Bi Marjorie, akatoa kibao mkobani. Kilikuwa cha shaba, kizito, na maneno yake yalikuwa haya: *Mashine hii iliwalisha bisi watu wote wa Tandy Grove.*

Verlene alikisoma. Akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena.

"Liondoeni neno *wote*," akasema.

"Samahani?"

"Neno moja tu. Mengine ni sawa. Andikeni iliwalisha watu wa Tandy Grove waliopita mlango wa mbele."

Bi Marjorie akatabasamu kwa huruma ya kweli. Akasema ilikuwa zamani, akasema kibao kimelipiwa, akasema atalipeleka jambo hilo kwenye kikao. Verlene akasema basi mashine itangoja kikao. Bi Marjorie akaondoka. Keki akaiacha.

Kikao kikakaa mara ya kwanza, kikaahirisha. Kikakaa tena, kikaahirisha.

Jumapili moja baada ya ibada, Verlene alikuwa kwa Leotis wakila maharage na mkate wa mahindi, na Leotis, ambaye hawezi kula bila kuzungumza, akaanza habari za roshani. Enzi zile watu weusi hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele wa Belvidere. Walipita uchochoroni, wakapanda ngazi ya chuma hadi roshani iliyo juu ya ukumbi, na kule juu hapakuwa na mashine yoyote. Ozella alikuwa akiisugua ile ya chini mchana kutwa, akaijaza, akaipiga kofi. Milango ilipofunguliwa alivua aproni, akatoka nje, akazunguka, akapanda kukaa na wanawe. Kuijaza aliruhusiwa. Kununua, hapana. Na harufu ya bisi ilikuwa ikipanda juu bila kumuuliza mtu.

"Unakumbuka uzi wangu?" Leotis akasema.

"Nani atausahau? Ulifumua soksi ya baba."

Leotis, akiwa mtoto, alifunga mfuko wa karatasi kwenye uzi, akatia sarafu yake ya pekee ndani, akauteremsha ukumbini. Chini mtu aliuvuta mara mbili kuonyesha tayari. Leotis akaupandisha. Mfuko ulirudi bila sarafu na bila bisi. Mama yao aliuchukua ule mfuko, akaukunja mara nne, uso wa mfuko ukiwa ndani, akautia mfukoni mwake, na jioni akawakaangia bisi nyumbani kwenye sufuria.

"Zilikuwa tamu," Leotis akasema. "Lakini mimi nilitaka zile."

Verlene aliweka kijiko chini.

"Hazikupotea njia," akasema.

"Nini hazikupotea?"

"Bisi. Zinajua zinakokwenda. Mimi ndiye niliyeziweka kwenye nyumba isiyo na roshani."

Leotis alitafuna, akameza. "Basi watu wetu wa zamani wanasubiri kule juu huku wewe unagombana na Marjorie kwa ajili ya neno."

"Neno lile ni uongo."

"Uongo, ndiyo. Na wao wana njaa, ndiyo. Chagua, dada."

Verlene alimaliza maharage yake. Kesho yake aliizungushia mashine blanketi, akaifunga kwa kamba, akaipeleka Belvidere mwenyewe. Ndani ya mlango wake, mahali ambapo mafundi wa kazi hiyo hutia sahihi na ambapo mteja haoni, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: *Verlene Tuggle, binti Ozella.*

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Verlene alivaa kofia yake ya rangi ya zambarau, ya Pasaka. Mashine ilisimama ukumbini chini ya kibao, inang'aa hata taa za dari zilionekana mbili mbili, na watu walikuja mmoja mmoja kumshika mkono. Bi Marjorie alihutubia. Alisoma kibao kwa sauti, na kwenye neno *wote* akafungua mikono. Roshani ilikuwa juu yao, giza. Mlango wa uchochoroni ulizibwa kwa matofali zamani, na kamati haikuuzibua kwa sababu ya bima ya moto.

Verlene akatumbukiza sarafu ya fedha. Ikakwama. Akapiga kofi.

Bisi zikatoka, zikapanda. Watu wakasogeza kofia zao kuzipisha. Mifuko ya karatasi iliyotundikwa kwenye msumari ikajichomoa mmoja mmoja, ikazifuata. Zikavuka ukingo wa roshani, zikaingia gizani. Halafu kule juu watu wakaanza kutafuna. Ilikuwa sauti ya watu wengi. Mtu akakohoa kwa chumvi, mtoto akacheka, na sauti ya mwanamke ambayo Verlene angeijua hata usingizini ikasema:

"Haya, mmoja mmoja. Msisukumane. Zipo."

Leotis alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, katikati, kiti ambacho alikingojea tangu utoto. Aliinua uso.

"Mama! Siku hizi tunakaa huku chini! Tuangushie!"

Bisi moja ikashuka, ikamwangukia mdomoni. Verlene yeye alisimama wima kando ya mashine yake, mkono kwenye shavu la chuma, kama mtu anayepigwa picha pamoja na mwanawe aliyefaulu. Baadaye mifuko ikaanza kurudi kutoka juu, mitupu, inashuka taratibu. Aliidaka. Kila mmoja ulikuwa umekunjwa mara nne, uso ndani.

"Vizuri mno," akasema Bi Marjorie, akatazama zulia kama lina mafuta. Halikuwa nayo.

"Na lile neno?" Verlene akauliza.

"Kibao ni cha shaba, mpenzi wangu. Shaba ni ngumu kurekebisha."

"Msasa ninao garini."

"Tutalipeleka kwenye kikao."

Kikao kiliahirisha. Matofali ya uchochoroni bado yapo, na wanaokaa chini hununua bisi kwenye mashine mpya iliyo karibu na mlango, inayolipwa kwa kadi. Ya Verlene hulisha juu tu, na kila mtu mjini amezoea kusogeza kofia.

Kila Jumamosi yeye huenda mapema na flana yake na siki yake ya tufaha. Husugua tundu la sarafu, hupangusa kioo, hujaza mahindi, hukunjua mifuko ya wiki iliyopita na kuitundika tena. Kamati ilimwomba, kwa kuwa yupo na kitambaa anacho mkononi, awe anapitia na kibao pia. Hajakigusa. Kimeota kijani pembeni, ila neno *wote* bado linasomeka, hata kwa mtu asiye na miwani. Chini yake mashine inang'aa. Verlene hutumbukiza sarafu, huiweka sawa kofia yake, hupiga kofi mahali pale pale, na husimama kando kuzipisha.