Kipanya Mikononi mwa Mkunga

Maisha yameshanipiga mitama ya kutosha, lakini ule wa asubuhi ile nilipigwa na kipanya cha kompyuta.

Jirani yangu mkunga alikuwa anafungua kliniki yake mwenyewe, baada ya kuzalisha wake za watu chini ya paa la wengine tangu ujana wake. Ubao ulishapigiliwa juu ya mlango, mweupe pe. Maandishi yalikuwa kwangu mimi mtengeneza mabango, kwenye laptop, yakisubiri kupangwa na kutumwa kwenye mashine ya kukata stika. Pale pa kutelezesha kidole palikufa siku nilipopanywesha chai. Na kile kijidude cha kuchomeka pembeni ili kipanya kifanye kazi, nilikitafuta mpaka ndani ya viatu. Hola.

"Wageni wako njiani," mkunga alisema, gauni jipya mwilini, jasho usoni. "Wakikuta ubao mtupu watadhani ni ghala."

"Mama, bila kile kijidude, kipanya hiki ni jiwe tu."

"Nani kakudanganya? Mashine yangu ya presha inaongea na simu bila kuchomekwa kitu. Lete."

Akakipokea kwa mikono miwili kama kichanga, akakilaza chali, akakikagua tumbo. "Kitufe cha bluetooth hiki hapa. Miaka yote unakipapasa mgongo tu!"

"Ndiyo maana dada analalamika!" ilidakia sauti kutoka chumba cha ndani. Huyo ni shemeji yangu, fundi cherehani, mdogo wa mke wangu.

Mkunga akakishikilia kitufe mpaka taa ikaanza kupepesa. Mimi nikahangaika kufungua bluetooth kwa kibodi peke yake, nikishuka mstari mmoja mmoja kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Taa ikatulia.

"Kimeshika!" nikashangilia, nikakisukuma. Mshale wangu haukutikisika.

"Jamani! Mshale unakimbia wenyewe!" shemeji akapiga yowe. "Umenifungia tamthilia yangu!"

Tukamkimbilia. Shemeji hushona huku akitazama tamthilia kwenye laptop yake, na lolote linalochomoza kwenye kioo hulibonyezea "ndiyo" bila kulisoma, lisimzibie mwigizaji wake. Kipanya kilipojitangaza, akakikubali.

"Hukijui wala hakikujui, umeshakubali!"

"Kilibisha hodi kwa adabu, shemeji. Wewe ulikuwa wapi?"

"Zima bluetooth yako, mwanangu," mkunga akaamua. "Mtoto ana mama mmoja."

Shemeji akazima. Kitufe kikashikiliwa tena, taa ikapepesa, na safari hii jina la kipanya likajitokeza kwenye kioo changu. Nikakikubali haraka kabla hakijaposwa kwingine. Mshale ukaruka kama panzi! Mkunga akapiga kigelegele cha kuzalisha mapacha.

Nikapanga herufi, mashine ikakata, tukaenda kliniki, nikapanda hadi kwenye ubao. Shemeji alishika ngazi, akinifariji kwamba nikianguka, kliniki ipo.

Herufi ya mwisho iliponata, mkunga alivuka barabara ili asome kutoka mbali. Akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Kando yake akasimama mama mmoja mwenye tumbo lililokomaa, naye akasoma.

"Mmeshafungua?"

Mgeni rasmi alikuwa hajafika, na utepe wa mlangoni ulikuwa haujakatwa.

"Tumefungua, mwanangu," mkunga akasema. Akamshika mkono, wakavuka, wakainama pamoja wakapita chini ya utepe.