Joto la Mke wa Dereva

Umeme ulikatika wakati Mama Trei amepiga magoti stoo, akimwaga maji machafu ya vifaranga kwenye ndoo. Balbu iliyokuwa ikining'inia juu ya boksi ilizimika. Vifaranga, walioletwa jana yake kutoka kituo cha kutotoleshea mayai, walinyamaza kidogo kama watu waliozimiwa redio, kisha wakaanza kulia wote kwa pamoja na kupandiana migongoni. Mama Trei aliagiza jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umelowa. Alisonya, akavua kitambaa chake cha kichwani akawafunika nacho, na hakikusaidia kitu.

Ndipo kifaranga mmoja alipoparamia ukingo wa boksi, akaanguka sakafuni, akajikung'uta, akashika njia. Mwingine akamfuata. Haukupita muda wakawa msururu mmoja kando ya ukuta, wakavuka jikoni, wakapita sebuleni ambako dereva alikuwa akinywa chai, wakaanza kujipenyeza chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Dereva aliinua miguu ili wapite.

Mama Trei, ambaye ni mama yake dereva na mwenye nyumba na mwenye kuku, alikwenda akafungua mlango. Mke wa dereva alikuwa amelala chali kitandani, kama alivyolala tangu siku ya maziko. Vifaranga walikuwa wakipanda kwa kushika ncha ya shuka iliyogusa sakafu, wakimjaa kwapani, shingoni, tumboni. Waliokwisha kufika walikuwa wameacha kulia.

"Una joto wewe," alisema Mama Trei, akibonyeza godoro kwa kiganja.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Mama Trei alivuta pazia ili upepo usiingie. "Basi usijigeuze ovyo. Utawalalia."

Siku ile haikuhitaji maelezo. Kabla yake mtaa mzima ulimwita Mama Kijacho, na yeye akiitika. Uchungu ulimwanza asubuhi ambayo pikapu ya Mama Trei ilikuwa imeshapakiwa trei za mayai ya hoteli. Dereva, ambaye kwa mama yake ni mwana na mwajiriwa kwa wakati mmoja, alisimama katikati ya ua na ufunguo mkononi. Mama Trei alisema mimba ya kwanza haina haraka. Yeye mwenyewe alishinda na uchungu kutwa nzima, na matokeo yake ndiyo hayo yamesimama na ufunguo. Hoteli ikikosa mayai itatafuta mtu mwingine. Pikapu ikaenda hotelini kwanza, hospitali ingefuata.

Iliporudi, jirani yao, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kumfunga mtoto kwenye kipande cha kitambaa alichokikata upesi kutoka kwenye kazi ya mteja. Alikuwa wa kike, mzima kwa kumtazama, vidole vyote, ila hakulia. Dereva aliuliza kwa sauti ya chini kama atazikwa kwa jina. Mama Trei alisema mtoto asiyelia hana jina. Watu walisema kazi ya Mungu haina makosa, wakanawa mikono, wakaenda zao. Tangu hapo hakuna aliyemwita Mama Kijacho, na kwa kuwa hakuna jina jingine lililokuwa limeandaliwa, hawakumwita kitu.

Maziwa yalimjaa, yakauma, yakakauka. Yalipokauka likabaki joto. Halikuwa homa. Nguo mbichi zilizotundikwa kwenye kiti karibu na kitanda zilikauka hata siku za mvua. Dereva alihamia kwenye kochi la sebuleni, akisema chumba kimekuwa tanuri. Fundi cherehani alipokuja kumjulia hali alikaa kidogo, akafungua vifungo vya juu vya gauni lake, akasema uzazi una mambo. Siku ya pili alikuja na donge la unga wa mkate, akaomba liumukie pale.

Mwenyewe hakuhisi joto lolote. Akiulizwa anaendeleaje, alilitafuta jibu kama mtu anayepapasa mfuko anaojua ni mtupu, kisha akasema hajambo.

Umeme ulirudi jioni, lakini balbu haikuwashwa tena. Mama Trei alimwaga maranda sakafuni mwa chumba cha nyuma, akatandika magazeti juu yake, akapanga visahani vya chakula na vya maji. "Umeme wa kulipia wa nini," alisema, "na moto upo ndani ya nyumba?" Dereva alibeba maranda gunia kwa gunia bila kumtazama mkewe usoni. Akimaliza kila gunia alisema, "Haya," na mkewe akaitikia, "Haya."

Vifaranga walistawi. Hata walegevu, wale ambao kila mara Mama Trei huwahesabu kama maiti mapema, walinyanyuka wakala. Mke wa dereva alijifunza kuwatazama. Wakirundikana na kulia, alisogea karibu. Wakitanua mabawa na kuhema midomo wazi, alisogea mbali. Wakitawanyika na kunong'onezana, alijua wako sawa, akabaki alipo. Wale waliogandiwa na kinyesi nyuma aliwaosha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, ambayo hayakuhitaji jiko. Aliyashika tu.

Daktari wa mifugo alikuja kuwachanja. Alitundika kipimajoto kwenye ubao wa kitanda, usawa wa migongo ya vifaranga, akasubiri, akakisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi kabisa," alimwambia Mama Trei. "Lakini manyoya yameanza kuwaota. Kuanzia sasa mpunguzeni joto kidogo kidogo, la sivyo mkiwatoa nje watakufa kwa baridi ya kwanza."

"Tunalipunguzaje? Hili halina swichi."

Daktari alimtazama mke wa dereva, kisha dirisha. "Awe anakaa mbali nao. Leo kwenye kiti, kesho dirishani. Baadaye mlangoni."

"Umesikia?" alisema Mama Trei.

"Nimesikia, Mama."

Daktari alifunga mkoba wake. Akiwa mlangoni aliuliza kama mama huyo anakula vizuri. Mama Trei alimjibu kwamba anakula, akamshikisha trei ya mayai.

Ni siku hizo za kukaa kwenye kiti ndipo neno lilipomtoka. Kifaranga mmoja wa kijivu alikuwa amepotelea nyuma ya kabati, kwenye kona isiyofikiwa na joto, akilia kwa sauti inayofifia. Mke wa dereva alifungua mdomo amwite kama watu wanavyoita kuku, na kilichotoka ni jina la mtoto.

Walilichagua wawili tu, yeye na mumewe, Jumapili moja wakiwa ndani ya pikapu iliyoegeshwa, wakisubiri mvua ipungue. Dereva ndiye aliyelitaja kwanza. Walikubaliana wasimwambie mtu mpaka mtoto afike. Tangu hapo lilikuwa halijatamkwa kwa sauti.

Kifaranga alitoka nyuma ya kabati. Wengine wote nao wakaacha chakula wakaja, wakasimama kuzunguka miguu yake, vichwa vimeinuliwa. Aliwatazama. Akaliita tena, polepole zaidi, akivuta mwishoni, na waliokwisha kuja wakasogea zaidi.

Basi akawa anawaita hivyo. Alihamisha kiti dirishani, akafungua dirisha. Kisha akakaa kizingitini, mlango wazi, na vifaranga, ambao sasa walikuwa nusu manyoya nusu malaika laini ya utotoni, wenye shingo ndefu na sura za watu walioamshwa mapema, wakazoea ubaridi wa korido. Joto lake lilikuwa lile lile. Yeye ndiye aliyesogea.

Siku waliyotoka nje ilikuwa na jua na majani yalikuwa yamekauka umande. Dereva alikuwa amezungushia wavu kipande cha ua. Mke wa dereva alitoka, mara ya kwanza tangu maziko, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vifaranga walisimama kwenye ukingo wa saruji wakiyachungulia majani. Mmoja akakanyaga, akauondoa mguu, akakanyaga tena. Baadaye wote wakawa wanaparura udongo kana kwamba walifundishwa. Kivuli cha mwewe kilipopita uani, aliita, wakarudi mbio wakamwingia chini ya gauni. Kivuli kilipokwisha aliwatoa mmoja mmoja.

"Umenyauka," fundi cherehani alimwambia kutoka ng'ambo ya ukuta. "Hilo gauni nitalipunguza."

"Ahsante, dada."

Ilifika siku ambayo aliwaita bandani wakalala bila yeye, na asubuhi wote walikuwa wazima. Mama Trei alisema kazi imekwisha, akamtaka apumzike. Mke wa dereva akarudi kitandani, na chumba, kilichokuwa kimefagiwa maranda yote, kikawa kimya na chenye joto.

Lakini jioni kuku hawakukubali kuingia bandani. Mama Trei aliwasihi, akawarushia mahindi, akawafukuza kwa fagio, na kila alipowakaribia walimkwepa kama maji. Alikuja chumbani akihema.

"Unawaitaje?"

Mke wa dereva aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Nimekuuliza neno, mwanangu, sikukuuliza siri."

Kupitia dirishani alimwona mumewe akifuta kioo cha pikapu. Nyuma yake kuku walikuwa wametawanyika ua mzima, na giza lilikuwa karibu kuingia. Tangu mtoto azikwe hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita kwa jina lake. Akalitaja.

Mama Trei alilijaribu mdomoni. "Neno zuri. Jepesi." Hakuuliza limetoka wapi. Alitoka, akasimama katikati ya ua, akaliita.

"Vuta mwishoni, Mama," alisema mke wa dereva kutoka dirishani.

Mama Trei akavuta. Kuku wakaja kutoka kila upande, wakampita miguuni, wakaingia bandani. Kitambaa cha dereva kilisimama juu ya kioo. Kisha kikaendelea, pale pale palipokuwa pameshang'aa.

Baada ya hapo neno likawa la nyumba nzima, kisha la mtaa. Kuku wakiruka ukuta, fundi cherehani aliwaita kwa neno hilo hilo huku mguu ukiwa juu ya cherehani. Mama Trei alilipenda. Aliliita asubuhi kabla hajanawa uso, na mchana hata kama hana haja na kuku.

Boksi jipya la vifaranga lilipofika, dereva ndiye aliyelileta chumbani. Aliliweka kando ya kitanda, akabaki ameinama kana kwamba mgongo umekataa kunyooka.

"Ulimwambia," alisema.

"Aliuliza."

"Ungempa neno jingine lolote."

"Sikuwa na jingine."

Dereva alikaa ukingoni mwa kitanda. Jasho lilianza kumtoka pale pale. Alitaka kusema kitu, na mkewe alimsubiri. Huko nje Mama Trei alianza kuita. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kuitikiwa, na alivuta mwishoni kama alivyofundishwa. Mabawa yalisikika, na miguu mingi midogo juu ya saruji.

"Mama anaamka mapema siku hizi," alisema dereva.

"Ndiyo."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akainuka, akatoka na kurudisha mlango taratibu. Mama Trei aliita mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Mke wa dereva alilala chali, akainua shuka, na vifaranga wapya wakaingia.