Mtu Mmoja Asimame Juani

Usingizi unamkamata Shuo akiwa amepiga magoti mbele ya moto, mchana kweupe, gamba la kobe mkononi, wala hasikii unavyomkamata. Ndiyo, amelala, msomaji wa nyufa za magamba wa mfalme mzima, mbele ya baraza zima! Lakini mtamlaumu? Tangu jana hajatia kitu kinywani, na hapo uani dada yake Ying amefungwa juu ya jukwaa, kichwa wazi, jua linamchoma, na chini yake kuni zimekwisha kupangwa. Mvua imekataa kunyesha. Mtama umekauka ukiwa haujafika magotini, na mto umebaki mchanga mtupu. Mfalme aliagiza Mbingu iulizwe, maana katika nchi hii ni Mbingu inayompa mtu ufalme, na Shuo ndiye aliyelishindilia gamba kijiti cha moto mpaka likalia ta! likapasuka, na Shuo huyo huyo ndiye aliyeusoma ufa kwa sauti: mtu mmoja asimame juani mpaka mvua inyeshe. Mtu mmoja yupi? Mawaziri wala hawakuumiza kichwa. Si yupo mcheza ngoma ya mvua? Kazi yake si mvua? Mkamateni! Na mcheza ngoma ya mvua ndiye Ying. Mvua isiponyesha kabla jua halijazama, kuni zitawashwa. Shuo amelia, ameshika miguu ya watu, mpaka akaruhusiwa kuiuliza Mbingu mara moja tu ya mwisho, na sasa ndiyo hivyo, kidevu kimeanguka kifuani.

Gamba linalia ta! na ufa unafunguka mkononi mwake, unapanuka ukawa kijia cha mbuzi, kijia kinapanuka kikawa barabara, na Shuo anajikuta anatembea ndani yake. Barabara inachipua barabara, na hiyo nyingine inachipua nyingine, zote nyeupe kama mfupa, zote zinakwenda na hakuna inayofika, na kila anapodhani amekata kulia anakuta amerudi alipokuwa, ila alipokuwa napo pamehama. Mbele yake kunatokea mji, na chini ya mji huo kuna mji mwingine uliopinduka, ukuta kwa ukuta, lango kwa lango, na katikati ya uwanja ameketi mfalme mwenye taji anayeamuru: leteni farasi! Hakuna anayeleta. Leteni maji! Hakuna. Uwanja mtupu, majani yameota kwenye ngazi, na mfalme wa chini naye, kichwa chini miguu juu, anaamuru vile vile. Shuo anakimbia, anafika mji mwingine, na humo mna mfalme mwingine mpweke anayepigia kelele hewa, na mwingine, na mwingine, mpaka nywele zinamsimama. Hawa ni akina nani jamani? anapiga ukelele. Wana wa Mbingu, anajibiwa, na kugeuka hivi, pembeni yake anatembea mtu asiye na uso, palipotakiwa kuwa na uso ni laini kama yai. Shuo nusura azimie. Mbingu ina mwana mmoja tu, anasema, mwana wake ni mfalme wetu! Ndivyo kila mmoja wa hawa alivyokuwa akiambiwa, anasema yule, na Mbingu ikawakana wote. Shuo anauliza, maana atafanyaje: na wewe, macho yako yako wapi? Nimewaachia wanaolima, anasema asiye na uso. Huku tunaona kwa macho yao. Wakilia, huku tunaona ukungu mtupu.

Baba yangu, anaomba Shuo, niambie basi, dada yangu ana kosa gani? Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, anajibu Shuo, ulimi umetangulia akili. Yuko peke yake na nchi nzima iko naye. Wengine wote wamekatazwa jina lake, yeye mwenyewe analitaja kutwa. Shuo anajaribu: jua? Siyo. Mwezi? Siyo. Mbingu yenyewe? Siyo, umeshindwa, nipe mji. Lo! Ndotoni nako kuna nipe mji! Shuo anamtajia mji wa kusini wenye kuta nyekundu. Huo tulikwisha kuuchukua, anasema yule, mwenyewe umemwona anaita farasi. Anamtajia wa mashariki, ule wa bustani za forosadi. Huo nao tuliuchukua. Anataja na kutaja, na kila anaoutaja unaonyeshwa, juu na chini, umekufa, mpaka mdomoni mwake unabaki mji mmoja tu, mji aliozaliwa, mji wenye kiti cha mfalme wake na jukwaa la dada yake. Kuutoa huo ni uhaini. Kwa neno kama hilo mtu hupasuliwa kwa magari ya farasi, kila mguu na njia yake. Lakini Ying je? Ying anayekaangwa juani? Chukua wetu, anasema Shuo, na papo hapo anasikia malango makubwa yakianza kujifunga nyuma yake.

Nilikwenda katika mji huo, anasema asiye na uso kwa sauti ile ya wanaofumbua vitendawili, nikakaribishwa, nikaketi, nikamsikia mwenye mji akisema: Mimi, Mtu Mmoja, nina kiu. Mimi, Mtu Mmoja, nimechoka.

Mama yangu weee! Shuo anakaa chini hapo hapo barabarani. Hivyo ndivyo mfalme anavyojitaja! Kila siku, asubuhi na jioni, Mimi, Mtu Mmoja, na katika nchi nzima hakuna mwingine anayethubutu kujiita hivyo. Ameyasikia maneno hayo tangu utotoni, ameyasoma kwenye gamba kwa kinywa chake, na yeye na mawaziri wote wakaelewa mtu yeyote! Nilisoma vibaya, analia. Ulisoma sawasawa, anasema yule, mkasikia mlichotaka. Mji huu nimeupokea, lakini bado sijaufunga. Mfalme wenu akisimama juani mwenyewe, utarudi. Akikataa, pale pana kiti. Na Shuo anatazama anapoonyeshwa, anaona uwanja mwingine, ngazi safi bila jani hata moja, na kiti kitupu kinachongoja.

Wewe! Teke la mlinzi linamwamsha, au linamhamisha, nani ajuaye. Moto unawaka, gamba limepasuka mkononi, mfalme ameinama juu yake. Mbingu imesema nini? Shuo anafungua kinywa na hofu inamtoka pamoja na maneno. Imesema lile lile, Mfalme wangu. Mtu Mmoja asimame juani. Mtu Mmoja ni wewe. Baraza linashtuka kwa pamoja, waziri mkuu anafoka mkateni ulimi huyo, walinzi wanamrukia, na mfalme ananyoosha mkono, uso umemwiva kwa hasira, ananguruma: Mimi, Mtu Mmoja, ninaamuru...

Anakoma. Amejisikia alivyojiita. Wewe, anamwambia Shuo taratibu, kama mtu anayemwuliza jirani, uko macho? Shuo anatazama mkono wake, moshi, nyuso za mawaziri. Sijui, Mfalme wangu, anasema. Kweli sijui. Mfalme anavua taji na kuliweka chini. Anapanda jukwaani mwenyewe, mawaziri wakiita Mtukufu, Mtukufu! na anahangaika na vifundo vya kamba maana hajawahi kufungua kifundo maishani mwake, mpaka Ying anamwelekeza kwa sauti iliyokauka, si huko, vuta huku. Anamfungua. Anasimama mahali pake, kichwa wazi, jua lote juu yake, na mbinguni hakuna wingu hata la dawa.

Ying anateremka akiyumba, anamwangukia kaka yake, mwili wake moto kama jiko. Kaka, anasema, kaka, ni kweli? Shuo amemkumbatia, machozi yanamchuruzika, moshi unamchoma, naye ameyakodoa macho kwa woga wa kuamka. Mbona hupepesi macho, kaka? anauliza Ying. Nyamaza, anasema Shuo, nishike tu, usiniache nipepese.