Meno ya Bi Mwanya

Nikutegee kimoja kabla hujakaa vizuri. Ni kazi gani hiyo, ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba umeifanya, na siku watu wakiijua, imeshaharibika?

Usikimbilie kunipa mji. Hata Seremala, mtu aliyekua akitafuna vitendawili kama karanga, hiki kilimshinda. Alitegewa na binti yake mwenyewe, siku binti alipopata nafasi ya kazi kwa daktari wa meno. Seremala alikuwa amepiga goti anafunga bawaba. Akajikuna kichwa kwa penseli, akafikiri, akasema, "Wizi."

Binti alicheka mpaka akakalia rundo la mbao. Kucheka ndiko kulikompa jina. Tangu hajaota meno vizuri walimwita Chekacheka, na jina likamkaa hata alipokuwa mwanamke mzima mwenye koti jeupe la kazi.

Jibu lilikuwa meno ya bandia. Kwa daktari kulikuwa na chumba cha nyuma, kidogo, chenye harufu ya nta na plasta, na humo Chekacheka ndiye aliyekuwa akichonga. Mgonjwa anang'atishwa nta laini huko mbele, alama ya ufizi wake inaletwa nyuma, na Chekacheka anampangia jino baada ya jino mpaka mtu arudi kuwa yeye. Daktari alikuwa mzee mpole asiyependa makelele, na kwenye chumba kile alikuwa na sharti moja tu. Kinachotengenezwa humu, alisema, kinatoka kikiwa kinywani mwa mwenyewe. Hakitoki mkononi, hakitoki mfukoni, hakitoki kwenye simu.

Sasa Seremala alikuwa na mazoea yake. Ukitembea naye mjini hamfiki upesi. Kila baada ya hatua anasimama. Ule mlango wa posta ni wangu. Zile kabati za duka la dawa ni zangu, tazama zilivyobana. Yale madirisha usiyatazame, yale ni ya jirani yangu. Na jioni mezani, akishashiba, hugeuka kumchokoza binti yake. Kazi gani hiyo, mwanangu, usiyoweza kumwonyesha mtu? Miaka yote hii nimesomesha fundi, hata jino moja sijaliona. Alisema kwa mzaha, na mkewe alikuwa akimwambia aache, chakula kinapoa. Chekacheka alikuwa akicheka kama kawaida yake. Hivyo nani angejua kama mzaha ule ulikuwa unapata mahali pa kukaa?

Mambo yake yalikuwa yananyooka. Mwezi uliokuwa unakuja, daktari alikuwa amsimamishe mbele ya bodi ya mafundi wa meno apewe leseni. Ukiwa na leseni unakaa kwenye benchi lolote, popote, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Lakini bodi haikupi kwa uso wako. Ni lazima bwana wako aliyekufundisha asimame aseme, huyu namjua, anafaa. Neno la daktari ndilo lililokuwa limebeba kila kitu.

Ndipo akaja Bi Mwanya.

Huyu alikuwa mwimbaji wa harusi. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, maana akicheka unaona kwanza ule mwanya wa meno ya juu, mpana, wa kupendeza, halafu ndipo unamwona yeye. Wasichana walikuwa wakitamani wazaliwe nao. Basi ufizi ukamuuma, meno yakalegea, na mwisho yakang'olewa. Alipotea mjini akawaambia watu anakwenda kumuuguza dada yake. Kumbe yuko ndani, mdomo umefungwa. Alimfikia daktari kwa mlango wa nyuma, akaomba jambo moja: arudishiwe na mwanya wake, vilevile, mtu asijue.

Chekacheka alipewa picha ya zamani ya mama huyo akicheka, akaichungulia mpaka macho yakamwasha. Hakuchonga mwanya peke yake. Kulikuwa na jino la pembeni lililoegemea mwenzake kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea, na hilo nalo akaliegemeza. Rangi akaichanganya upya kila ilipomkataa. Siku alipomaliza, aliyaweka juu ya plasta, akarudi nyuma kidogo, na meno yakamtazama kama yanataka kuanza wimbo. Hakuwahi kufanya kazi kama ile. Na baada ya muda mfupi yangetoka yakiwa kinywani mwa mwenyewe, na hakuna mtu duniani angejua.

Akatoa simu akayapiga picha. Akaiweka stetasi, akawaficha wengine wote, akawaachia wachache wa nyumbani. Hakuandika jina la mtu. Hakukuwa na uso, hakukuwa na mdomo, ni meno tu juu ya plasta. Chini yake akaandika: *Kazi ya mikono yangu. Jumamosi yanaimba.*

Seremala aliiona asubuhi, kikombe cha chai mkononi, karakana haijafunguliwa. Aliikuza kwa vidole, akaizungusha, akaikuza tena. Hakujua ni meno ya nani, wala hakuwaza kuuliza. Aliona tu lile jino lililoegemea, akajua aliyelichonga ana mkono. Mkono kama wake. Kifua kikamjaa. Akaipiga picha ile skrini, jambo alilofundishwa na binti yake mwenyewe, akairusha kwenye kundi la maseremala wenzake, wale waliokuwa wakitambiana milango na vitanda toka asubuhi hadi jioni. Akaandika: *Kazi ya mwanangu huyo. Nani kati yenu ana mkono wa kuchonga hivi?*

Wakajibu kwa fujo zao. Mmoja akauliza ni mbao gani hiyo. Mwingine akasema binti amtengenezee na yeye, mkewe amechoka kumpondea nyama. Seremala alikuwa akicheka peke yake huku anafungua kufuli. Halafu mmoja akaandika, *Huo mwanya naujua. Jumamosi anaimba nani?*

Na Seremala, kwa kuwa alikuwa bado na furaha yake, akajibu: *Hahaha.*

Alipoinua macho tena jua lilikuwa limepanda na Chekacheka amesimama mlangoni na koti lake jeupe, amekimbia nalo barabarani. Hakuwa anacheka. "Baba, ile picha umempa nani?"

Alimwonyesha. Binti akasoma, midomo ikitembea bila sauti. Seremala akaichukua simu akabonyeza pale pa kufuta, simu ikamuuliza, afute kwake tu au kwa wote. Akabonyeza kwa wote. Picha ikatoweka na jibu lake likatoweka. Akashusha pumzi. Lakini simu ya Chekacheka ikalia, na ilikuwa ileile picha, inarudi kutoka kwa mtu asiyemjua, na safari hii imewekwa ubavuni mwa picha ya Bi Mwanya anacheka. Mwanya kwa mwanya. Jino lililoegemea kwa jino lililoegemea. Juu yake bado yalikuwapo maneno ya Seremala, kazi ya mwanangu huyo. Uzuri wa kazi ndio uliomtaja mwenyewe. Angekuwa fundi mbovu, nani angemtambua mtu kwa meno yake?

Kutwa nzima Seremala aliwapigia wenzake mmoja mmoja akiwaomba wafute. Wote walikubali, ni watu wema. Walifuta. Lakini kila aliyefuta alikuwa ameshampa shemeji, na shemeji ameshampa kinyozi. Aliendelea kupiga simu mpaka chaji ikaisha, akabaki ameishika tu, imezima, kama mtu aliyeshika kipini cha nyundo iliyochomoka kichwa.

Daktari alimwambia Chekacheka akae nyumbani kwanza.

Jumamosi ikafika. Bi Mwanya aliimba, maana alishaahidi na alikuwa mtu wa ahadi. Seremala hakualikwa, ila aliiona kama walivyoiona wengine, kwenye simu, amesimama katikati ya vumbi la mbao. Mama wa watu amevaa vizuri, amesimama mbele ya maharusi, anafungua kinywa. Na pale chini simu zinainuka, moja, nyingine, ukumbi mzima, wala hazimpigi yeye, zinapiga kinywa chake. Watu wanakuza. Mtoto mmoja mbele anagonganisha meno, taka, taka, na wakubwa wanajificha kucheka. Bi Mwanya akainua kiganja akakiweka mbele ya mdomo, akaimba nyuma yake. Wimbo ukafika katikati. Kisha akaacha, si kwa hasira, akaacha tu, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni, akatoka.

Seremala alitaka kuizima simu ile, akaona haikuwa yake. Ilikuwa ya mteja.

Siku iliyofuata alivaa shati la kutokea, akamchukua binti yake wakaenda kuomba radhi. Bi Mwanya aliwafungulia mwenyewe, akawakaribisha, akawapa viti. Ncha ya mtandio aliishika mdomoni muda wote, na sauti ilitoka imelegea, kwa kuwa ndani hamkuwa na kitu. Meno yalikuwa rafuni, kwenye kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Chekacheka alikitazama kikombe kile asiweze kutazama pengine.

Seremala alianza. Akasema aliyesambaza ni yeye, si mtoto.

"Najua, baba," Bi Mwanya akasema. "Maneno yako yamekuja na picha."

Kisha akamgeukia Chekacheka. Akamwambia meno ni mazuri. Siku alipoyavaa mara ya kwanza alisimama mbele ya kioo akajiona amerudi, akalia. Hakumlaumu kwa kazi. Akamwambia amemsamehe, ila msamaha hautamwimbisha, harusi mbili zimeshapiga simu kusema zimepata mtu mwingine.

"Sikuulizi kwa nini ulifanya," akasema. "Nakuuliza hivi, mwanangu. Ulitaka nani ayaone?"

Chekacheka alifumbua mdomo, akaufumba. Akaitazama mikono yake. Seremala akaona ni wajibu wake, akaingilia, akasema ni utoto, mama, ni hizi simu, ni utoto tu.

"Sijakuuliza wewe," Bi Mwanya akasema taratibu, na hakuuliza tena.

Jumatatu Seremala alikwenda peke yake kwa daktari. Alikuwa amepanga maneno yake njiani. Akasema kosa ni lake, amuadhibu yeye, yuko tayari kumtengenezea hata milango ya zahanati nzima bure, ila mtoto asimamishwe mbele ya bodi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, miwani mkononi. Alionekana hajalala.

"Wewe ulipeleka," akasema. "Yeye alitoa. Na chumba kile wewe huna ufunguo wake."

Akamweleza, bila ukali, kwamba wagonjwa wamekuwa wakipiga simu tangu wiki ile. Hawaulizi maumivu. Wanauliza kama na ya kwao yalipigwa picha. Wengine ni watu wakubwa, wake zao wenyewe hawajui. Nikisimama mbele ya bodi niseme huyu anafaa, daktari akasema, watu hawa watafumbuaje mdomo mbele yangu? Akasema binti ana mkono ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nao. Akalisema hilo mara mbili, na mara zote mbili Seremala alidhani sasa litafuata neno lingine. Halikufuata. Daktari alimsindikiza mpaka nje, akashika kitasa cha mlango, na Seremala akakumbuka mlango ule aliuchonga na kuufunga yeye, zamani. Hakumwonyesha mtu.

Chekacheka aliulizia kazi kwingine. Wote walitaka leseni, na wote walikuwa wameiona picha. Mmoja alimwomba amwonyeshe namna alivyopata ile rangi, akashukuru, akamwambia watawasiliana. Koti jeupe likafuliwa, likapigwa pasi, likakunjwa kabatini.

Akaanza kushinda karakanani. Hakuna aliyemwambia aje, alikuja tu, akachukua msasa. Mkewe Seremala alileta chakula mchana akakaa nao, akatega vitendawili vya kitoto vya kuchangamsha nyumba, na binti akavijibu vyote sawasawa, ila hakucheka hata mara moja.

Mchana mmoja Seremala alikuwa na mlango wa mteja uliopasuka, ufa mrefu katikati, akaukatia tamaa, akauegemeza ukutani akatoka kutafuta mbao nyingine. Aliporudi Chekacheka alikuwa anajifuta mikono. Palinuka nta. Seremala aliulaza mlango mezani atafute ufa. Akapitisha kidole gumba toka juu hadi chini. Akausogeza kwenye mwanga, akainama mpaka pua ikakaribia mbao. Nyuzi za mbao zilipita moja kwa moja kama zilivyozaliwa. Akapitisha kidole tena. Hakujua ufa ulikuwa wapi, yeye aliyeuona mwenyewe kabla hajatoka.

Akakaa kwenye rundo la mbao.

"Yule mama alikuuliza ulitaka nani ayaone," akasema. "Nikadakia mimi. Hukumjibu."

Chekacheka alikuwa anakunja kipande cha msasa. Akakikunja mara ya pili, kikawa kidogo, kikaenea kiganjani.

"Wewe, baba," akasema.