Idhini ya Joleen

Corinne Staley alikunywa kahawa nusu kikombe, chakula akakisukuma pembeni, na sasa alikuwa amekaa kwenye korido ya hoteli moja mjini Frankfort, makao makuu ya jimbo lake, nje ya ukumbi ambao kwa kawaida hukodishwa kwa harusi, akingoja watu watatu wa kamati ya nidhamu ya mawakili waamue kama ataendelea kuwa wakili. Juu ya meza yao, humo ndani, lilikuwepo gazeti la kaunti yake. Maneno yake yalikuwa humo, na picha yake pembeni, anacheka. Hakukumbuka alikuwa anacheka nini.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: “Jaji Brandreth huamua kesi za watoto mezani, kabla wazazi hawajafungua mdomo.” Aliyasema kwenye ngazi za mahakama, mchana kweupe, mbele ya kinasa sauti cha mwandishi wa habari. Angekuwa muuza magari, angeyasema na kwenda zake kula. Fundi bomba angeyasema, kinyozi angeyasema, na Katiba ingewakingia kifua. Wakili ana kanuni zake. Akimtupia jaji neno zito, lazima awe na msingi, na akiulizwa autoe. Corinne alilijua hilo tangu chuoni na bado akafungua domo. Mdomo huponza kichwa, na wa kwake ulikuwa na haraka kuliko wa wengi.

Na jambo lenyewe lilikuwa kweli. Hapo ndipo palipomuuma.

Alilisikia kwa Joleen Vickers, mteja wake, anayehudumia meza kwenye mgahawa ulio mkabala na mahakama. Joleen alikuwa akigombania watoto wake na mume waliyeachana naye. Siku moja, akiwamiminia kahawa jaji na wakili wa mumewe, alimsikia jaji akisema bila hata kushusha sauti, “Watoto watakwenda kwa baba yao, wala usijisumbue na mashahidi wengi.” Ukivaa aproni, wakubwa hudhani huna masikio. Jioni ile Joleen alimfuata Corinne ofisini, macho mekundu.

“Nakuambia wewe tu, wakili,” alisema. “Jaji akijua ni mimi niliyesikia, hata hizo Jumamosi ninazopewa kukaa na wanangu sitaziona tena. Niapie.”

Corinne akaapa. Hakumwomba jaji ajitoe kwenye kesi, maana angelazimika kusema kwa nini. Alikaa na hasira yake ikimtokota, mpaka alipokutana na yule mwandishi pale ngazini. Hakumtaja Joleen, wala mgahawa. Akajiona mwangalifu kweli. Jaji aliposoma gazeti, akapeleka malalamiko kwenye kamati mwenyewe.

Mawakili wenzake walimshika mkono kwenye maegesho ya magari, mmoja mmoja, wakiangalia nyuma. “Umesema kweli, dada.” Alipowaomba waje Frankfort waseme hivyo hivyo, huyu akaumwa jino, yule akawa na harusi ya mpwa wake. Aliyekuja ni Wendell Mabry peke yake, mzee aliyemfundisha kazi, ndiye sasa aliyekuwa akimtetea, na kwa kuwa ni wakili wake, ndiye pekee aliyeambiwa habari za Joleen.

“Kunywa maji,” Wendell alimwambia.

“Sina kiu.”

“Basi usinywe. Sikiliza, binti yangu. Unaweza kutia sahihi kwamba ulisema uongo, ukaomba radhi, wakakukaripia, tukaenda kula.”

“Sikusema uongo. Nikitia sahihi hiyo, Joleen hataweza kulisema jambo hili mahali popote akaaminiwa.”

“Haya. Basi waambie ulikolisikia. Siri ya mteja ni siri, lakini wakili akishtakiwa, kanuni inamruhusu aifungue kiasi cha kujitetea.”

“Inaniruhusu, hainilazimishi. Kila nitakachosema humo ndani kinaandikwa, na mlalamikaji anapewa nakala. Mlalamikaji ni nani, Wendell?”

Mzee akakuna kidevu. “Mwulize Joleen mwenyewe. Akikupa idhini yake, mzigo umekutoka. Simu hiyo hapo mkononi mwako.”

“Nimwambie nini? Aweke watoto wake rehani ili mimi nibaki na leseni? Atakubali kwa kunionea haya tu.”

“Au atakubali kwa sababu anataka. Umejuaje moyo wa mtu hujamuuliza?”

“Niache, mzee wangu.”

Wendell akamwacha. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Mwenyekiti wa kamati, Bi. Thornbury, alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulimtisha Corinne kuliko ukali.

“Wakili Staley, hakuna anayekukatalia haki ya kumkosoa jaji,” alisema. “Nauliza jambo moja tu. Ulijuaje?”

“Nilikuwa na sababu nzuri ya kuamini.”

“Sababu ipi?”

“Siwezi kusema.”

“Huwezi, au hutaki?”

Corinne alitazama vidole vya mpiga chapa aliyekuwa akinukuu kila neno, vilivyokuwa vimetulia juu ya mashine vikingoja jibu lake. “Sitasema.”

“Kuna mtu unamlinda?”

Hilo ndilo swali aliloliogopa njia nzima. Akisema ndiyo, jaji atakaa na majina ya wateja wake, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshafika kwa mwanamke anayemmiminia kahawa. Akisema hapana, amedanganya chini ya kiapo.

“Sina la kuongeza,” alisema.

Mjumbe wa tatu hakuwa wakili bali raia aliyeteuliwa kukaa nao. Alikuwa muuza vyakula vya mifugo, na uso wake ulionyesha huruma na uchovu. “Bibie, tunakutafutia njia ya kukusaidia. Mbona hutusaidii?”

Wendell akafumba macho.

Uamuzi ulipokuja haukumshangaza mtu: asimamishwe uwakili nusu mwaka, kwa kumchafua jaji bila kuonyesha msingi wowote. Corinne aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Kanuni ilimtaka awaarifu wateja wake mwenyewe na kuwarudishia majalada yao. Jalada la Joleen alilipeleka Ijumaa, kwenye mgahawa, kabla watu wa chakula cha mchana hawajajaa. Kesi ya watoto ilikuwa Jumatatu.

Joleen alifuta mikono kwenye aproni, akaketi mbele yake, jambo ambalo mwenye mgahawa halipendi.

“Kwa hiyo hawakukuamini.”

“Sikuwapa cha kuamini.”

“Kwa ajili yangu?”

Corinne aliitikia kwa kichwa. Na tuseme ukweli, alikuwa akingoja shukrani. Moyoni alikuja na fahari yake, kwamba ameumia kwa heshima. Joleen alitikisa kichwa.

“Mimi nilisema vile siku ile nikiwa na hofu,” alisema. “Halafu nikasoma gazeti. Nikaona umesimama mbele ya mahakama unamtaja jaji kwa jina lake. Nikasema, kumbe inawezekana. Siku ya Frankfort niliomba ruhusa kazini. Gauni nikalipiga pasi. Nikakaa nangoja unipigie simu.”

“Kwa nini hukunipigia wewe?”

“Nikuambie nini? Wakili ni wewe. Nilidhani unajua unachofanya.”

Mlango wa mgahawa ulifunguliwa, akaingia wakili wa mume wa Joleen, koti mkononi, akaenda kwenye meza yake ya kila siku karibu na dirisha. Akawaona. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayempa mwenzake pole, akafungua simu yake.

“Jumatatu nitasimama na nani?” Joleen aliuliza kwa sauti ya chini. “Wote niliowapigia wamesema wana shughuli. Nikisimama peke yangu, nikayasema niliyoyasikia, itakuwaje? Naanzaje?”

Corinne alilijua jibu. Lilikuwa mdomoni, fupi na rahisi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelitoa. Lakini wakili aliyesimamishwa hampi mtu ushauri wa sheria, hata wa bure, hata wa neno moja. Akikamatwa, nusu mwaka unageuka maisha, na wa kumkamata alikuwa pale dirishani. Alikuwa amesema pa kunyamaza, akanyamaza pa kuuliza.

“Joleen!” mwenye mgahawa aliita. “Meza ya dirishani.”

Joleen akaanza kuinuka akachukue birika la kahawa.

“Kaa,” Corinne alisema, na sauti ikamtoka kavu. “Asubiri kahawa yake. Jumatatu, kabla jaji hajasema lolote, neno lako la kwanza ni hili: ‘Mheshimiwa, naomba ujitoe kwenye kesi hii.’”