Hema la Waliopotea

Siku ya pili ya tamasha, saa nane mchana, nilifungwa kikaratasi mkononi kama kifurushi cha posta, nikaambiwa nilale nimsubiri mwenyewe aje kunichukua. Nikalala. Tangu niache shule darasa la saba sijawahi kutii amri kwa moyo mkunjufu namna ile.

Nieleze nilifikaje. Tamasha lilikuwa la siku nne, nasi tulikuwa kina mama kumi na mmoja wenye sare za kijani nilizoshona mwenyewe. Kila alasiri saa kumi tuliimba nusu saa kwenye jukwaa dogo; siku ya nne tungepanda jukwaa kubwa na kufunga kwa wimbo wa fundi. Fundi huyo alitengeneza baiskeli maisha yake yote, na wimbo aliutunga akiwa amechuchumaa kati ya magurudumu mawili. Alikuwa mume wangu. Kwa bahati mbaya alikuwa pia kaka yake wifi yangu.

Hapo ndipo palipokuwa na vita. Wifi alidai wimbo ni wa kaka yake, mimi nilidai ni wa mume wangu, na marehemu mwenyewe hakuacha maandishi. Miaka yote aliuongoza wifi, kwa sababu aliuanza msibani kabla sijamaliza kulia. Nami nikabaki mstari wa nyuma, naitikia, nameza mate.

Mwaka huu mwalimu wetu wa kwaya, kijana mpole mwenye shingo ndefu, alituita pembeni sote wawili.

"Mama zangu, wimbo ule ni mzito, na siku nne si mchezo. Ataongoza atakayefika siku ya mwisho akiwa na nguvu. Nikiwaona mmechoka wote, nauondoa kabisa, tunaimba ule mfupi wa kuaga."

"Kuchoka ndiyo nini?" nikauliza.

"Jiulize mwenyewe," akasema wifi, "wewe ndiye unayeanza kuhema ukivaa viatu."

Wifi ni muuguzi mstaafu. Siku ya kwanza asubuhi aliwapanga wenzetu kivulini akawasomea masharti kama anagawa dawa: kunywa maji kabla ya kiu, usiache chai ya asubuhi, usicheze kila ngoma inayopita, mchana jinyooshe japo saa moja. Wote wakatii. Yeye hakuketi hata kwenye ndoo. Na kwa kuwa hakuketi, mimi ningeketije? Tukazunguka uwanja mzima kama askari wa doria, kila mmoja akimchungulia mwenzake magoti. Vijana fulani walipiga ngoma zilizotikisa hadi meno yangu ya kuazima, nami nikacheza mbele kabisa, mikono juu, huku kiuno kikiniuliza kimenikosea nini.

Siku ya pili mchana kiuno kiliacha kuuliza, kikaamuru. Nikajitenga nyuma ya matangi ya maji, na huko nikaona hema jeupe lenye kibao: WALIOPOTEA. Ndani palikuwa na meza, daftari, pazia, na nyuma ya pazia godoro. Godoro lile lilikuwa na sura ya mtu mwema.

Mezani aliketi mzee mwenye miwani, karani mstaafu wa posta.

"Umepoteza nini, mama?"

"Nimejipoteza mimi mwenyewe."

"Jina lako?"

"Asubuhi lilikuwepo."

"Umekuja na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Wenye kelele."

Akaandika yote hayo bila kucheka. Alipogusa kipaza sauti ili anitangaze, nilimshika mkono. "Usihangaike, baba. Nikijinyoosha kidogo kumbukumbu hurudi yenyewe."

Ikarudi saa tisa na nusu barabara. Karani alifurahi mno. Kwa miaka yake yote posta, alisema, hakuwahi kuona kifurushi kikijipeleka chenyewe. Ila kamba ya kile kikaratasi ilikuwa na fundo la kiserikali, halikukubali kufunguka kwa meno ya aina yangu. Nikalifunika kwa leso, nikawahi jukwaani. Siku hiyo niliimba kama niliyetiwa betri mpya. Ajabu ni kwamba wifi naye aliimba vivyo hivyo, uso mkavu, amevaa mikono mirefu kwenye jua la kukaangia.

"Huoni joto, wifi?" nikamuuliza tukishuka.

"Nalinda ngozi. Na wewe hiyo leso mkononi?"

"Mtindo."

Siku ya tatu nilikwenda hemani kama mtu anayekwenda kwake. Karani akasimama kunipokea.

"Karibu, mama. Leo mko wawili. Kuna mwenzako naye kasahau jina. Jana alikuja asubuhi, leo kachelewa kidogo. Mtabanana tu."

Nikavuta pazia. Uso ulikuwa umefunikwa kanga, lakini miguu ilikuwa nje, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepanda juu ya jirani yake kama abiria aliyekosa kiti. Kidole hicho nimeishi nacho ndoa nzima. Marehemu alikuwa nacho, na nilikuwa nikimtania kwamba ndicho kilichomfanya apende baiskeli kuliko kutembea. Sikujua dada yake naye anacho. Wifi hajawahi kuvua viatu mbele yangu. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba kama maandazi. Miaka thelathini na mitano ya kusimama wodini ilikuwa pale, imelala juu ya godoro la kuazima.

"Sogea," nikasema.

"Samahani, mama," ikajibu kanga, "tunafahamiana?"

"Wifi, acha ujinga."

"Jina langu tu silikumbuki, sembuse lako."

Nikajilaza ubavuni mwake. Godoro likaanza kutikisika, na sikujua kama ni yeye anayecheka au ni mimi. Tulicheka hadi karani akakohoa upande wa pili.

Alipotulia, alisema kwa sauti nyingine kabisa, ile ambayo nadhani aliitumia kwa wagonjwa wake: "Ule mstari wa mwisho siufikishi tena."

Mstari huo ni mrefu kama foleni ya bombani, na unaimbwa kwa pumzi moja. Marehemu hakuona tabu. Pampu ikiharibika alikuwa akijaribu kujaza matairi kwa mdomo.

"Mwaka jana nilikohoa katikati," akaendelea, "mkadhani ni vumbi."

"Mimi ndiye niliyekuletea maji. Halikuwa vumbi."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa naweka akiba."

Akanipiga kofi la paja. "Wewe unaufikisha?"

"Jikoni naufikisha."

"Jikoni kwako hatua tatu unagonga ukuta."

"Basi naufikisha hatua mbili."

Tukalala. Tungeamka salama kama karani asingekuwa mtu mwenye dhamira. Vifurushi viwili visivyo na anwani, siku mbili mfululizo, vilimnyima raha. Nilishtushwa na sauti yake iliyokuwa ikitoka kwenye spika zote za uwanja: "Tangazo. Wapo bibi wawili, sare za kijani, hawajijui. Wenyewe wafike hema la waliopotea." Muda si muda pazia likavutwa, na shingo ndefu ya mwalimu ikaingia kabla ya mwalimu.

"Mama zangu. Mmechoka?"

Wifi alikaa kitako, mkono umefunika kikaratasi chake, macho chini. Sijawahi kumwona ameinamisha macho. Neno moja tu lingetosha: wifi kachoka, mimi nimekuja kumwangalia. Lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi, limevaa na viatu. Miaka yote ya mstari wa nyuma ingeishia pale. Kisha nikakiona tena kile kidole, kimekaa juu ya mwenzake, hakina habari.

"Nimepotea mimi, mwalimu," nikasema. "Uzee. Wifi kanitafuta uwanja mzima, kanikuta hapa, akajilaza kidogo nisiogope. Mwenye nguvu ni yeye."

Karani alitazama daftari, akatutazama, akafungua kinywa. Nilimkazia jicho. Akalifunga daftari polepole. "Sisi watu wa posta," akasema, "hatufungui barua za watu."

Wifi hakunishukuru. Usiku alinikatia tu kamba mkononi kwa mkasi wake wa uuguzi, nami nikamkatia yake.

Siku ya nne, jukwaa kubwa, watu wamejaa mpaka juu ya uzio. Wifi alisimama mbele. Kabla hajaanza alirudi nyuma hatua moja, bega lake likagusa langu, na pale likabaki. Akaimba. Niseme kweli, aliimba vizuri, na inaniuma kidogo hadi leo.

Ulipofika mstari wa mwisho, nilivuta pumzi wakati yeye anaanza kuitumia yake. Nimeshona sare za shule miaka thelathini. Najua mahali kitambaa kinapoishia na namna ya kuingiza kingine kwa ndani, usoni pasionekane kitu. Bega lake lilipotetemeka niliingia, chini kwa chini, kwa sauti yake si yangu. Aliendelea kufungua kinywa. Mstari ukaenda, ukaenda, ukapita pale ulipofia mwaka jana, ukafika mwisho kama alivyoufikisha mwenyewe kabla hajafunga karakana.

Watu walipiga kelele nyingi. Mwalimu alikuwa akimtazama wifi kama aliyeona mtu akimeza upanga. "Mama, pumzi ile umeipata wapi?"

"Kwa kaka yangu," akasema wifi, kisha bila kunitazama, "na kwa mke wake."

Tukashuka ngazi tumeshikana mikono, kila mmoja akidhani ndiye anayemsaidia mwenzake. Mbele yetu bendi ya vijana ilikuwa inapanga vyombo vyake, na wenzetu walikuwa wanatuita twende tukacheze. Wifi akasimama, akashika kiuno, akatazama upande wa matangi ya maji.

"Wifi," akasema, "hivi mimi naitwa nani?"

Nikafikiri sana.

"Sijui, dada. Twende tukaulizie."