Bega la Bahgat

Nimo katika filamu kumi na moja zilizopigwa Kairo miaka ya sitini, na katika zote hizo hutauona uso wangu. Kazi yangu ilikuwa bega. Watu wawili wakizungumza, kamera huwekwa nyuma ya mmoja ili tumwone mwenzake. Sasa yule aliyeipa kamera kisogo akichoka, au akitamani kahawa yake, mimi nilivalishwa koti lake nikasimama mahali pake. Shingo yangu ilifanana na ya staa wetu, ambaye jina lake silitaji kwa sababu hata yeye langu hakuwahi kulitaja.

Mpiga picha alikuwa Usta Ramsis, yaani Fundi Ramsis, mtu wa mtaa wa Shubra kama mimi, mnene, leso shingoni na ulimi wa pilipili. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama.

"Mtazame mtu kutoka chini," alikuwa akisema, "hata mwizi wa kuku anakuwa pasha. Mtazame kutoka juu, pasha anakuwa yatima. Sogea mpaka umhesabu kope, hapo hakudanganyi tena."

"Na bega je, usta?"

"Bega ni la kuegemea, punda wee. Simama vizuri."

Kosa langu lilikuwa mdomo. Nilimwambia mama yangu, Nargis, kwamba mimi ni mwigizaji. Naye akamwambia Mama Fikri wa roshani ya pili, na ukishamwambia Mama Fikri ni kama umetangaza redioni. Mtaa mzima ukaapa kwamba filamu yangu itakayofuata wataiona pamoja, bega kwa bega. Mama alikuwa mjane tangu nina miaka sita, na cha kujivunia mbele ya wanawake wale hakuwa nacho zaidi yangu. Nilitaka anione uso mara moja tu, basi, hata kwa kufumba na kufumbua.

Filamu iliyofuata ilikuwa na mama anayemuaga mwanawe anayekwenda jeshini. Machozi yalikuwa ya mama, kwa hiyo staa, aliyeigiza mwana, akaenda kunywa kahawa, nami nikaitwa. Kamera ikawashwa. Nikahesabu mpaka tatu, nikageuza shingo kidogo.

"Kata!" Usta Ramsis akatoka nyuma ya kamera. "Vipi, Bahgat? Umelalia shingo vibaya?"

"Mama yangu atakuja kuniona, usta. Nipe nusu ya uso. Nipe pua tu."

Mafundi wa taa wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alijifuta jasho kwa ile leso, akaninong'oneza.

"Sikiliza. Ukigeuka, watu watakutazama wewe, na huyu mwanamke atalia peke yake. Usipogeuka, kila aliyekaa kwenye kiti ataona bega hilo ni lake, na analiliwa yeye. Pua yako inazidi hayo?"

"Haizidi, usta."

"Basi usigeuke."

Sikugeuka. Yule mwigizaji alilia vizuri mno, nami nikamuwaza mama na gauni alilokuwa akijishonea kwa ajili ya siku hiyo. Roho iliniuma kweli.

Filamu ilipofika kwenye sinema yetu ya Shubra, wakaenda wote Alhamisi alasiri, na mbegu za maboga mifukoni. Mimi nilikaa kiti cha ukingoni, tayari kukimbia. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima.

"Mama Bahgat," akaanza Mama Fikri, "huyo staa wako yuko wapi? Au leo amekunywa dawa ya kutoonekana?"

Wanawake wakacheka mpaka mbegu zikamwagika. Nikainama nitafute maneno ya kumwomba mama radhi. Ndipo ikaja ile picha ya kuagana, mama na mwana mlangoni, na mama akasimama na gauni lake jipya.

"Huyo hapo! Mwanangu huyo!"

"Huyo si mgongo tu, dada?" akauliza Mama Fikri.

"Mgongo wa nani? Kila asubuhi nasimama roshani namtazama mpaka anapinda kwa muuza maharage, nisiujue mgongo wake? Akiwa na huzuni bega la kushoto linashuka. Tazama! Limeshuka!"

"Kaa chini, mama, tunaangalia!" watu wakapiga kelele nyuma. Lakini Mama Fikri alikuwa ametoa kitambaa anajifuta macho.

Tulirudi kwa miguu, mama amenishika mkono.

"Umenifurahisha, mwanangu," akasema, huku akicheka. "Ila hata kwenye filamu, Bahgat? Hata huko hugeuki?"

Miaka yote ile nilidhani nikishuka ngazi yeye anafunga mlango na kuendelea na vyombo vyake.

Asubuhi iliyofuata nilipofika kwa muuza maharage nikageuka, nikainua uso. Mama alikuwa pale juu, mikono kwenye vyuma vya roshani. Nilimtazama kutoka chini, na Usta Ramsis hakuwa amenidanganya: malkia hasa. Akanipungia kwa kitambaa cha jikoni.

Niligeuka kila asubuhi kwa miaka tisa. Siku hizi roshani ile ina wapangaji wengine, nguo za watoto wao zimeanikwa pale. Mimi nikifika kwa muuza maharage bado nageuka.